Maji Yanakuja Jumanne

Taa zilizimika saa mbili na nusu usiku, mjukuu wa Shosho, bibi aliyenikaribisha, akiwa katikati ya hesabu zake. Mimi ndiyo kwanza natoka kuoga, kanga kichwani, joto la maji bado limo mabegani. Hakuna aliyelalamika. Shosho aliinuka, akapapasa juu ya kabati, akawasha mshumaa na kuusimamisha mbele ya daftari la mtoto, kisha akaniambia, "Keti mama, chai isipoe."

Nilidhani umeme umekatika mtaa mzima, kama inavyotokea kwetu. Nikachungulia dirishani. Jirani wa kulia ana taa. Wa kushoto ana taa, na redio inaimba. Nikarudi kitini nimeshaelewa, na ile chai ilipita kooni kwa shida. Nilikuwa nimeoga tokeni za umeme za watu.

Hiyo ilikuwa Juni 2018, siku yangu ya tatu Nairobi. Ninafundisha sekondari Muheza, mkoa wa Tanga, na mwaka ule niliamua likizo ya katikati ya mwaka isiishie nyumbani. Peke yangu nilikuwa sijawahi kwenda mbali kuliko Dar es Salaam. Binti wa shangazi yangu aliolewa na kijana wa Buruburu, mtaa wa Nairobi, wao walishahamia Nakuru kikazi, wakaniambia, "Fikia kwa mama, yuko na mjukuu tu, atafurahi." Nikapanda basi hadi Mombasa kupitia Horohoro, nikalala kwa jamaa, kesho yake nikachukua treni ya SGR ya saa tisa alasiri. Treni hiyo huingia Nairobi giza limeshatanda, na hilo sijalirudia tena. Mgeni wa mara ya kwanza aingie mji wa watu jua likiwa juu, si kwa usalama wake tu. Bibi wa miaka sabini na kitu alikaa macho mpaka saa nne akiningoja, ameketi karibu na mlango na simu mkononi.

Getini mlinzi aliniuliza, "Umekuja kuona nani?" Nikamjibu, "Bibi yangu." Akanitazama kwa muda. Kwetu bibi ni mama wa mama au wa baba. Kule bibi ni mke wa mtu. Neno lao ni nyanya, au shosho, ambalo ni la Kikuyu lakini Nairobi nimelisikia kwa watu wa kila kabila. Tulipoelewana alifungua daftari, akaandika jina langu, namba ya pasipoti, saa niliyoingia, na mbele yake jina la mwenye nyumba. Buruburu imepangwa kwa korti, nyumba kadhaa zikizunguka uwanja mmoja na geti moja, na wakazi humchangia mlinzi mshahara. Sikulitia maanani lile daftari usiku ule. Baadaye nilifahamu kwamba mgeni akifanya jambo ndani ya korti, jina linaloitwa kwenye kikao cha majirani ni lile lililoandikwa pembeni ya lake.

Sasa kuhusu shawa. Nyumba ya Shosho ilikuwa na shawa ya umeme, ile inayochemsha maji yakiwa yanapita. Juni Nairobi ni baridi ya kupenya sweta, mji uko zaidi ya mita 1600 juu ya bahari, na mimi mtu wa Pwani nimezoea kuoga asubuhi na jioni. Niliona neema. Kila mara nilikaa chini ya maji mpaka kioo kikafunikwa na mvuke. Sikujua kwamba kifaa kile hula umeme kuliko karibu kila kitu nyumbani. Wala sikujiuliza maji yanatoka wapi, kwa sababu nilifungua na yakatoka.

Asubuhi baada ya usiku wa mshumaa nilimfuata mjukuu akifunga kamba za viatu vya shule. Alikuwa darasa la nane, mwaka wa mtihani. Nilimwuliza taratibu, akanijibu bila kuficha, kwa Kiswahili chao cha haraka: "Maji inakuja Jumanne na Ijumaa. Ikikosa Ijumaa tunanunua. Stima, Shosho huweka ya mia tano, inafika wiki mbili."

"Na hii iliyoisha jana?"

"Hii aliweka siku moja kabla ufike. Alisema mgeni asikute giza."

Ninaandika haya miaka imepita na sentensi ile bado inanichoma.

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, na kwa kuwa hayautoshi mji, mitaa hupeana zamu. Mwenyeji wako anaishi ndani ya zamu hiyo mwaka mzima. Anajua ndoo ngapi zinamfikisha Ijumaa, anajua lini afue, lini asubiri. Wewe unaingia na begi lako na tabia zako za kuoga, na hesabu yote inavurugika, naye hatakwambia. Uliza watoto. Watoto ndio wanaojua nyumba inavyokwenda.

Nilifanya kosa la pili nikitaka kulifuta la kwanza. Nilichukua namba ya mita, nikaenda duka la karibu, nikampa mwenye duka shilingi elfu moja. Akaniandikia kwenye karatasi zile tarakimu 20, sawasawa na LUKU yetu, umeme wa kulipia kabla. Mjukuu alizibonyeza aliporudi shule. Jioni Shosho alipita mbele ya mita, akasimama.

"Nani ameweka hii?"

Nikasema ni mimi, nikitabasamu, nikingoja ahsante. Hakutabasamu. Aliingia jikoni, akakaa kimya na sufuria zake, mwisho akasema bila kugeuka, "Mimi sina lodging hapa, mama."

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimemlipa. Nilidhani ninamtua mzigo, kumbe nimembadilisha kutoka mama mwenye nyumba kuwa mpangishaji. Kesho yake, tukichambua sukuma wiki, alinieleza bila hasira. "Mgeni analeta sukari. Analeta majani chai, unga, mkate. Stima ni ya mwenye nyumba." Tofauti hiyo sikuwa nimewahi kuisikia ikisemwa kwa maneno, ingawa Muheza tunaiishi vilevile. Kitu kinachokwenda mezani kinakubalika, kwa kuwa na wewe utakila. Kinachotoka kwenye bili kinamvunjia mtu heshima, kwa kuwa bili ni siri yake.

Nilikuwa nimemletea iliki na mdalasini wa Amani, na kanga iliyoandikwa "Wema hauozi". Kanga nilihangaika nayo dukani Tanga karibu saa nzima, maana kanga husema, na sikutaka imwambie neno baya mwenye nyumba yangu. Ile aliipokea kwa mikono miwili. Mdalasini aliufungua palepale akanusa. Vitu vya bei ndogo kabisa, na viliingia bila kugusa kidonda.

Baada ya hapo nikaacha shawa. Nikaoga kwa beseni, birika moja la maji ya moto limechanganywa na ya baridi, mara moja kwa siku. Aliona, hakusema. Lakini nadhani kilichotupatanisha hasa ni Kariokor. Alinipeleka sokoni Jumamosi kutafuta kiondo, na njiani nikamwuliza jina hilo limetoka wapi, kwa sababu Dar tuna Kariakoo. Alikuwa analijua vizuri: yote mawili ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwakusanya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kubeba mizigo ya jeshi. Miji miwili, kovu moja. Tulisimama katikati ya vyondo na viatu vya ngozi, akaniambia kwao watu walioondoka kwenda kubeba walikuwa wengi na waliorudi wachache, na habari zao zilisimuliwa hata alipokuwa mtoto. Nikabeba kikapu chake kizito mpaka kituo cha matatu, na kwa mara ya kwanza hakuninyang'anya.

Jumanne niliamka saa kumi alfajiri. Nilisikia mabomba yanakohoa, ile sauti ya hewa kabla ya maji, nikatoka na sweta mbili. Nikaunga mpira kwenye tangi, nikapanga ndoo na madumu uani. Shosho alipotoka na kunikuta, alianza kunizuia. "Wacha, wewe ni mgeni." Nikamwambia, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nina siku ya kumi." Alinitazama, kisha akavuta kigoda, akajifunga ile kanga mabegani, akakaa. Na hapo ndipo alipoanza kuzungumza kweli.

Alikuja Nairobi akiwa bibi harusi. Mumewe alifanya kazi reli, na chumba chao cha kwanza kilikuwa Muthurwa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Lakini kabla ya kupewa chumba walikaa miezi kwa familia nyingine, watu wa kutoka Nyanza, ambao hawakuwa na undugu nao wala lugha moja. Mama wa nyumba ile alimfundisha kuwasha jiko la makaa bila kuujaza moshi ukumbi mzima, akamfundisha na Kiswahili. "Alikuwa ananituma maji," alisema. "Mimi nilifurahi. Nilijua nimekubaliwa." Akanyamaza kidogo. "Wewe sikukutuma. Nilifikiri utasema Wakenya hawajui mgeni."

Ndoo zilijaa moja baada ya nyingine. Nadhani tulikaa pale saa mbili.

Nilipoondoka alinifungia kiondo kilichojaa: ndizi, viazi, majani chai ya kwao. Usijaribu kukataa. Nilishajifunza.

Safari ya pili ya Nairobi sikuwa na binamu wa kunielekeza. Desemba 2019 nilitumia Couchsurfing, ule mtandao ulioanza mwaka 2004 wa watu kukaribishana majumbani bila malipo. Nilimwandikia mwanamume mmoja aliyesema anaishi na dada yake. Wageni kadhaa walikuwa wamemsifu. Nilizisoma sifa zile mara moja na kuridhika. Ningezisoma mara mbili ningegundua kwamba kila aliyesifu alikuwa mwanamume. Bahati njema nilikuwa na desturi ya kutokwenda nyumbani kwa mtu kabla ya kuonana naye mchana mahali penye watu. Tulikutana katikati ya mji, mkahawani. Nikamwuliza dada yuko wapi. Amesafiri. Lini? Jana. Anarudi? Hajui.

Sisi tumelelewa kutomwambia mtu hapana usoni. Tunasema tutaona, tunasema inshallah, tunatafuta udhuru wa tumbo au wa kichwa. Nilihisi udhuru unapanda ulimini na nikaumeza. Nikasema, "Basi sitakuja," nikalipia chai yangu, nikabeba begi. Hakunifanyia lolote, na huenda dada kweli alisafiri. Sikuhitaji kujua. Ninachoweza kumwambia kila msichana anayesafiri peke yake ni awe na pesa ya kuondokea: usiku mmoja wa nyumba ya wageni na nauli, zimewekwa mbali na nyingine, zisiguswe hata njaa ikija. Bila pesa ile, hapana yangu isingetoka. Mwanamke asiye na pa kulala hujikuta anamwamini mtu kwa sababu hana budi, na huko si kuamini.

Nililala nyumba ya wageni usiku ule, nikampigia mama yangu, nikamwambia nilipo. Kesho yake nikaenda Pipeline, mtaa wa Embakasi.

Mwenyeji wangu wa Pipeline alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, keshia wa supamaketi, anayeishi chumba kimoja ghorofa ya tano. Alikuwa ameniambia, "Panda gari ya Embakasi, shukia Taj Mall." Nikashuka, nikatafuta jengo, hakuna. Mama mmoja mchoma mahindi akanionyesha uwazi: lilibomolewa mwaka 2018, lakini kituo kimebaki na jina. Mvua ya Desemba ile ilikuwa haikatiki, nauli imepanda kama inavyopanda kila mvua inapoanguka, na Pipeline yote ilikuwa tope. Maghorofa yamesimama yakigusana; ukinyoosha mkono dirishani unakaribia kumpa jirani chumvi.

Alinipokea begi kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akanipa mtungi. Mtungi wa njano wa lita ishirini, ule uliowahi kubeba mafuta ya kupikia. "Huu ni wako," alisema. "Huu wangu. Twende kabla foleni haijawa refu."

Sijawahi kupokelewa vizuri namna ile.

Tukateremka ghorofa tano, tukajaza kwa shilingi chache, tukapanda. Nilipumzika ghorofa ya pili, ya tatu, na ya nne. Akiwa anangoja mlangoni alinieleza nyumba yake yote kwa dakika kumi. Geti la ploti linafungwa saa tano usiku, na mlinzi hafungui kwa kubembelezwa. Ukiulizwa na majirani, wewe ni dada yangu wa Tanga. Nguo anika kwenye kamba yetu na ukae hapo mpaka zikauke. Simu usiitoe ukikaa karibu na dirisha la matatu. Chakula tunachanga mia mia. Maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi, ndiyo ya choo. Meko ina gesi ya wiki moja ikiwa hatupiki maharagwe, kwa hiyo maharagwe tunanunua yaliyochemshwa kwa mama wa kibandani. "Na wiki hii niko zamu ya usiku," akamalizia, "kwa hiyo mchana nalala."

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa zito. Chumba kilikuwa na kitanda nyuma ya pazia na godoro langu mbele yake; usiku viti vilipandishwa mezani ndipo godoro lienee. Hakuna mahali pa mtu mmoja kulala na mwingine kuzunguka. Nilichokuwa nakula kwake hakikuwa chakula wala maji, kilikuwa usingizi wake. Kwa hiyo kila asubuhi alipoingia nilikuwa nimeshavaa. Tunakunywa chai, ananisimulia wateja wa usiku, kisha natoka na sirudi kabla ya saa tisa. Nilitembea mji kuliko ambavyo ningetembea kwa hiari yangu. Mvua ikizidi nakaa Maktaba ya McMillan, jengo la mwaka 1931 lenye nguzo kubwa mbele, nasoma magazeti ya zamani mpaka nguo zinakauka mwilini.

Siku ya tano alifanya zamu mbili mfululizo. Nilijaza mitungi yote, safari nne za ngazi, nikapika ugali na omena na kufunika. Alipofungua mlango akaiona mitungi imejipanga, hakuangalia chakula. Akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Leo sipandi ngazi na maji," alisema polepole, kama anayejihakikishia. "Hujui hiyo ni nini."

Nilikuwa nimeanza kujua.

Mara nyingi nimewaza juu ya wale wawili. Shosho alinificha gharama yangu kwa sababu ya upendo, na upendo ule nusura unitenge naye. Yule dada alinihesabia kila kitu, gesi, maji, usingizi, mpaka mia ya chakula, na kabla ya jua kuzama nilikuwa mtu wa nyumbani. Siwezi kusema mmoja alikosea. Shosho ana nyumba na jina katika korti, na mgeni kwake ni heshima inayoonekana na majirani. Dada ana chumba kimoja na hana nafasi ya kuficha chochote, hata angetaka. Ila nikiulizwa kwa nini nilimweleza yule dada mambo ambayo sikuwa nimemweleza mtu, nadhani ni ule mtungi. Huwezi kubeba maji na mtu ghorofa tano halafu mkaongea mambo ya hali ya hewa.

Alikuwa hajawahi kuiona bahari ya Tanga. Tuliahidiana, kisha Korona ikaja, mipaka ikawa migumu, tukabaki kutumiana sauti kwenye simu. Alikuja Aprili 2022, wakati wa Pasaka, na begi dogo na kilo mbili za sukari.

Asubuhi ya kwanza niliamka kwa sauti ya maji. Nikatoka uani. Alikuwa ameamka gizani, akajaza kila chombo alichokiona: ndoo mbili, madumu matatu, beseni la kufulia, sufuria ya pilau, hata chupa tupu za soda alizozikuta nyuma ya jiko. Vyote vimepangwa ukutani vikubwa kwa vidogo, na yeye amesimama mbele ya bomba, mikono imelowa.

"Sikujua yenu inakuja siku gani," alisema.

Sikumwambia kwamba kwetu Jumatatu hiyo yangetoka, na Jumanne pia. Nilileta mashuka yote ya nyumba, ya wageni na yetu, na mapazia. Tukakaa kwenye vigoda tukafua na kuzungumza mpaka chupa ya mwisho ya soda ikamiminwa.